Kutu katika Njia ya Dizeli: Matrekta ya Zamani na Mitaa ya Vipuri ya Kariakoo

Historia ya trekta nchini Tanzania huandikwa kwa hesabu ya ekari zilizolimwa na mashine zilizoagizwa, ilhali sehemu yake muhimu imefanyika mbali na mashamba, katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, ambako vipuri huuzwa na mafundi hufungua pampu na nozeli, yaani vifaa vinavyosukuma dizeli na kuinyunyiza ndani ya injini. Historia hiyo inaonyesha kuwa utunzaji wa njia ya mafuta ulipewa uzito pale tu vipuri vilipoadimika.

Matrekta mengi ya kwanza yalikuja na Mpango wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 huko Kongwa na baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa mashine mpya zilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, yalinunuliwa matrekta yaliyokwisha kutumika, yakiwamo mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, na mengi yaliharibika mapema kabla mpango wenyewe haujavunjwa mwaka 1951. Mashine ilifika kabla ya fundi na kabla ya kipuri, na kasoro hiyo ilijirudia katika miongo iliyofuata.

Trekta lisilofanya kazi huharibika kwa namna yake. Tangi la chuma likiachwa nusu tupu, hewa iliyo juu ya dizeli hupoa usiku na mvuke wake hugeuka matone, ambayo hushuka hadi chini ya tangi kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Hapo chuma hushika kutu, na katika mpaka wa maji na mafuta huota vijidudu vinavyotoa utelezi na asidi. Chembe za kutu huziba chujio, na zikipenya hukwaruza pampu, ambayo sehemu zake zimesagwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupanda kwa bei ya mafuta kulikoanza mwaka 1973, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya pampu mpya iwe ndoto kwa mkulima. Fundi alilazimika kusafisha, kuchonga na kuunganisha upya kile ambacho kwingineko kingetupwa, hadi mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka ya vipuri yakapata mzigo. Hata hivyo, wingi wa bidhaa ulileta pia vipuri bandia, na bei nafuu ya mafuta ya taa ikachochea uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli. Mchanganyiko huo hupunguza ulainishaji na kusaga pampu inayotegemea dizeli hiyohiyo kujilainisha. Mwaka 2010 mafuta yalianza kuwekewa vinasaba, yaani alama ya siri ya kuyatambua, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo.

Kinga dhidi ya maji na kutu haijabadilika tangu enzi za Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964: kujaza tangi jioni baada ya kazi ili hewa isipate nafasi, kufungua koki ya chini na kumwaga maji kabla ya kuwasha injini, kubadili chujio kwa wakati, na kutohifadhi dizeli katika vyombo vya mabati yaliyopakwa zinki, kwa kuwa zinki huungana na asidi za mafuta na kufanya mashapo yanayoziba chujio. Mwenye trekta la zamani atakayeshika desturi hizo atakwenda Gerezani kununua chujio, badala ya kwenda kutafuta pampu.