Magonjwa ya bakteria kati ya wanyamakazi na binadamu

Magonjwa ya bakteria yanayowapata wanyamakazi na binadamu ni sehemu ya zoonosi, yaani maradhi yanayoambukizwa kati ya watu na wanyama wenye uti wa mgongo. Wanyamakazi ni punda, farasi, baghala, ngamia na maksai (fahali waliohasiwa), ambao huvuta jembe au mkokoteni, hubeba mizigo au hupandwa. Kinachowatenga na mifugo mingine ni ukaribu wao na mtu: mwenye punda humfunga na kumfungua kila siku, humsafisha vidonda vilivyochubuliwa na matandiko, na mara nyingi hulala naye katika ua mmoja, hata kazi yenyewe ikawa njia ya maambukizi.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kimeta, ambao husababishwa na Bacillus anthracis, bakteria ambaye mzunguko wa maisha yake ulielezwa na Robert Koch mwaka 1876. Akikutana na hewa nje ya mwili, bakteria huyu hugeuka kuwa spora, yaani umbo lililolala ndani ya ganda gumu, linaloweza kudumu udongoni kwa miongo mingi hadi mnyama alimeze pamoja na malisho. Maksai huweza kufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani na kwenye njia ya haja kubwa, ilhali farasi na punda huweza kuugua kwa siku kadhaa, wakiumwa tumbo na kuvimba shingo. Hatari kwa watu huanzia kwenye mzoga. Familia iliyopoteza nguvu yake ya kulimia huona uchungu kupoteza pia nyama na ngozi, na uchungu huo unaeleweka kabisa. Lakini kumchuna mnyama huyo huingiza vimelea kwenye michubuko ya mikono, vikazaa kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma, na kumla huleta kimeta cha tumbo, ambacho huua zaidi. Kwa hiyo mzoga haupasuliwi, bali huchomwa au kuzikwa kwa kina. Chanjo iliyotengenezwa na Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930 ingali msingi wa kinga ya wanyama, nayo kwa kawaida hurudiwa kila mwaka.

Uimara wa spora hizo una ushahidi wa pekee. Mwaka 1917 polisi wa Norway walimkamata huko Karasjok baroni Otto von Rosen akiwa na vipande vya sukari vyenye mirija ya kioo iliyojaa kimeta, vilivyokusudiwa kuwaua wanyama wa kubeba shehena za vita. Kipande kimoja kilihifadhiwa katika makumbusho mjini Trondheim, na miaka 80 baadaye wanasayansi wa Uingereza walifaulu kuotesha bakteria hai kutoka ndani yake.

Malleus, ugonjwa wa jamii ya farasi unaoletwa na Burkholderia mallei, ulitumiwa vilevile kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Punda huugua vikali na kufa upesi, ilhali farasi huweza kuishi nao muda mrefu, akitoa usaha puani na kuchafua hori na maji wanayonywa wenzake. Watu wanaoambukizwa ni hasa wahudumu wa farasi, madaktari wa mifugo na wafanyakazi wa maabara, na kabla ya viuavijasumu wengi wao walikufa. Ugonjwa huu hauna chanjo. Nchi za Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini ziliutokomeza kwa kuwapima farasi na kuwaua walioambukizwa.

Brusela, au ugonjwa wa kutupa mimba, haina kishindo kama kimeta, na ndiyo sababu huachwa ikaenea. Ng'ombe jike hujulikana kwa kuharibu mimba, lakini maksai hana mimba ya kuharibu. Dalili yake huweza kuwa uvimbe wenye majimaji kwenye magoti tu, ambao mkulima huudhania kuwa umetokana na kazi. Kwa ngamia hatari kubwa imo katika maziwa yanayonywewa mabichi, kama ilivyo desturi kaskazini mwa Kenya na Somalia. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, huweza kutibiwa malaria bure kwa muda mrefu, na tiba sahihi huhitaji dawa mbili kwa pamoja kwa wiki 6 hivi.

Leptospirosi, iliyopewa jina la homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine unaochanganyika na maji au tope la shambani.

Pepopunda haiambukizwi na mnyama moja kwa moja. Spora za Clostridium tetani hukaa udongoni na katika kinyesi cha farasi na punda, na huingia kwa mtu au mnyama kupitia kidonda kirefu, kama cha msumari uliochoma ukwato au mguu. Farasi huathirika na sumu yake kwa urahisi mno. Hata hivyo, baada ya Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo kuonyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyekingwa huweza kuizima sumu hiyo, farasi ndiye aliyechaguliwa kutengeneza seramu ya kuwatibu watu, na seramu yake ingali inatumika pale ambapo ile inayotokana na damu ya binadamu haipatikani.