Wasimamizi wa Vinu Siku ya Zilzala

Tetemeko la tarehe 16 Julai 2007 lilipokitikisa kituo cha Kashiwazaki-Kariwa, katika pwani ya magharibi ya Ujapani, vinu vya nyuklia vilijizima vyenyewe kama ilivyotakikana, ila binadamu ndio waliotatizika, na kwa jambo dogo mno: mlango wa chumba cha dharura ulipinda ukakwama, na simu ya kuwaita wazima moto imo ndani, ilhali nje transfoma inawaka. Kwa ajili hiyo kampuni ya TEPCO, yenye kituo hicho, ilijenga majengo ya dharura yasiyodhurika na mitikisiko, na lile la kituo chake cha Fukushima Daiichi lilikamilika mwaka 2010, hata mwaka mmoja haujatimia kabla ya kuhitajiwa.

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8 na dakika 46 mchana, ilipofika zilzala ya kipimo cha 9.0, vinu vitatu vilivyokuwa kazini huko Daiichi vilizimika, umeme wa nje ukakatika, na jenereta zikawaka. Katika Kinu cha Kwanza kulikuwa na kipoozeo cha dharura, yaani birika kubwa lililowekwa juu, ambamo mvuke hupoa ukawa maji na kurejea kinuni kwa uzito wake, pasipo pampu. Kilianza chenyewe saa 8 na dakika 52. Lakini kwa kuwa joto lilishuka upesi kuliko nyuzi 55 kwa saa zilizoruhusiwa na kanuni, wasimamizi walikifunga baada ya dakika 11, kisha wakawa wakikifungua na kukifunga kwa uangalifu. Gharika ya tsunami ilipozamisha jenereta na betri, saa 9 na dakika 37, vali ya kipoozeo ilikuwa imefungwa. Taa zikazimika, na vipimo vyote vikafa.

Wako waliowalaumu kwa kuifunga. Mimi siafiki, kwani walitii sharti walilofundishwa. Lawama iwaendee waliowakabidhi chombo ambacho hapana hata mmoja katika zamu ile aliyepata kukiendesha kwa hakika. Saa 12 na dakika 18 jioni, taa chache ziliporejea, waliifungua vali, mvuke ukaonekana juu ya jengo, halafu ukakoma, nao kwa kuhofu kwamba maji ya birika yamekwisha wakaifunga tena. Safari hii simu ilikuwapo na mlango haukukwama. Hata hivyo mkuu wa kituo, Yoshida Masao, na wenzake katika jengo jipya waliendelea kuitakidi kwamba kipoozeo kinafanya kazi, na kiini cha kinu kikaanza kuyeyuka usiku uleule.

Kiasi cha kilomita 12 kusini, katika kituo cha Fukushima Daini, njia moja ya umeme wa nje ilisalimika, basi wasimamizi wakaendelea kusoma vipimo vyao. Na watu wapatao 200, chini ya Masuda Naohiro, wakabeba kwa mikono kilomita 9 za nyaya nzito, hata vinu vyote vinne vikapoa kufikia tarehe 15 Machi.