Swali Lapima Nini?

Wazee wetu waliosoma sekondari katika Tanganyika ya Mwingereza walifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yakasahihishwa huko huko. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliugusa ugonjwa wenyewe: kwamba mtihani wapima uwezo wa kushika mambo na kuyatoa yatakiwapo, wala haupimi uwezo wa kufikiri. Mwaka 1971 tukajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza letu likaundwa kwa sheria. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na tangu 1976 kazi za darasani zikahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho.

Hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Lakini, ndugu msomaji, yalihusu zaidi nani atunge na lini mtoto apimwe. Swali lenyewe aghalabu lilibaki lile lile: “Taja sababu tano za Vita vya Maji Maji.”

Swali hilo halina ubaya wake. Asiyejua habari za kodi, kazi ya shuruti na mashamba ya pamba atafikiri juu ya nini? Tatizo ni mwalimu aandikaye katika andalio la somo kwamba mwanafunzi aweze kuchambua, kisha siku ya jaribio akamwambia ataje. Chuoni tulifundishwa ngazi sita za Bloom, Mmarekani aliyezitoa na wenzake mwaka 1956, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Tulichora hata jedwali la utahini. Majedwali yale yalikuwa mazuri sana ukutani.

Safari moja niliwaruhusu Kidato cha Pili wafungue madaftari, nikawauliza: Wamatumbi na Wangoni hawakuwa na mtawala mmoja, je, maji ya Kinjikitile yaliwafanyia kazi gani mwaka 1905 ambayo bunduki zisingeweza? Mwanafunzi aliyezoea kushika namba ya kwanza aliandika sababu tano, kwa mwandiko wa kupendeza. Binti mmoja wa alama nne kwa kumi aliandika kwamba waliokunywa maji yale yale hawawezi tena kuulizana “wewe ni wa nani?” Nilimpa tisa. Mwenzangu wa somo hilo alisema yeye angempa tano, maana hakutaja hata sababu moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na wala hakuwa na hoja dhaifu: wasahihishaji wawili wakitofautiana kwa alama nne, mzazi atamwamini nani?

Ndiyo maana “taja” haifi. Husahihishwa upesi na haileti ugomvi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba, wenye watahiniwa zaidi ya laki nane, ulifanywa wote wa kuchagua jibu, hata hesabu, na mashine ikasahihisha. Mashine haina ndugu wala haichoki, nami naiheshimu kwa hilo. Ila aliyekokotoa na aliyebahatisha waliweka weusi katika kiduara kile kile. Baadaye hesabu ilirudishiwa maswali machache ya kuonyesha njia, na mwalimu akashika tena kalamu nyekundu.