Saa ya mpwa wangu na gurudumu la baiskeli

Ndugu msikilizaji, jioni hii naomba tuzungumze juu ya saa. Sina maana ya saa ya ukutani. Nina maana ya ile saa ya mkononi ambayo wakimbiaji wa siku hizi huivaa, inayopokea mawimbi ya setilaiti na kumwambia mwenyewe amekimbia kilomita ngapi, kwa mwendo gani, na moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anaishi kwangu hapa Izia, mjini Sumbawanga. Ni mkimbiaji, na saa ya namna hiyo alipewa na rafiki yake ikiwa imekwisha kuvaliwa. Siku moja watengenezaji wake wakatangaza kwamba wana programu mpya ya kuiendesha, ambayo bado inajaribiwa, na kwamba atakaye anaweza kuipokea kabla ya wengine, mradi atoe taarifa akiona kasoro. Wenyewe huita toleo la beta, kwa herufi ya pili ya Kigiriki. Lile la kwanza, alfa, mafundi hulijaribu wao wenyewe ndani ya karakana yao. La pili hulitoa nje kwa watu kama sisi. Kijana akaniuliza, "Mjomba, nikubali?" Nami, mwalimu mstaafu wa historia nisiyejua lolote juu ya programu, nikamjibu kama mtu anayejua: kubali, kipya ni bora.

Alifanya mazoezi na toleo lile kwa wiki tisa. Kila alfajiri alirudi akiwa na furaha, maana saa ilimwambia kwamba anakwenda kilomita moja kwa dakika nne kamili, mwendo ambao hajapata kuuendesha kwa masafa marefu. Tukauza magunia mawili ya maharage, tukapata nauli na kiingilio, akaenda kukimbia nusu maratoni katika mkoa jirani. Kule barabara ilikuwa na vibao vya kilomita. Akashika mwendo wake wa dakika nne kutoka kibao hadi kibao, na hadi cha 12 alikuwa pamoja na wa mbele. Kwenye kibao cha 15 miguu ilikataa. Alimaliza akitembea, na walimu waliokuja kuchagua vijana wa kambi walikuwa wamekwisha funga madaftari yao.

Aliporudi alinyamaza siku mbili. Aliamini mwili wake umemsaliti. Mimi niliamini hakula vizuri safarini. Hakuna kati yetu aliyeifikiria saa.

Nilichofanya mimi ni kile nifanyacho kila ninapokosa la kusema, yaani kurudi kwenye vitabu vyangu. Huko nikakutana tena na habari niliyoifundisha miaka mingi bila kuitilia maanani inavyostahili.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua wako wapi, mashariki au magharibi, wakiwa katikati ya bahari. Jibu lilikuwa ndani ya saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja, kwa hiyo mtu akijua ni saa ngapi nyumbani kwao, akalinganisha na jua la mahali alipo, anajua amesafiri kiasi gani. Lakini saa yake ikikosea dakika moja tu, karibu na ikweta kosa hilo ni kilomita 28 hivi. Seremala mmoja aitwaye John Harrison akatengeneza saa ya kufaa kazi hiyo. Novemba 1761 ilipakiwa melini kwenda Jamaika, mtoto wake akiisindikiza, na ilipofika huko mwezi Januari ilionekana imechelewa sekunde tano tu.

Je, wakubwa waliohusika walifurahi? Hawakufurahi. Walisema huenda ni bahati, jaribuni tena. Mwaka 1764 saa ikapelekwa Barbados, na baada ya hapo bado wakaja na masharti mengine, hata mzee akawa na umri wa miaka 80 ndipo Bunge lilipomlipa, mwaka 1773. Nilipokuwa nikifundisha habari hii darasani nilikuwa upande wa Harrison moja kwa moja, na bado naona alicheleweshewa haki yake. Lakini katika lile neno "jaribuni tena" wakubwa wale hawakukosea. Baharia akizama kwa sababu ya saa, hawezi kurudi kuilalamikia.

Saa za namna hiyo zilifika huku kwetu zikiwa vichwani mwa wapagazi. Januari 1867, David Livingstone akiwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi aliyebeba saa zake aliteleza akaanguka mara mbili. Saa hazikuacha kutembea. Ziliendelea kutembea vibaya, jambo ambalo ni la hatari zaidi, na vipimo vyake vya longitudo vikaharibika, kwani hakuwa na saa nyingine ya kuzisahihisha. (Vitabu havikosi kumtaja mpagazi aliyeteleza. Njaa iliyokuwa katika msafara ule siku zile haitajwi kwa sauti hiyo hiyo.) Livingstone huyo huyo alipita Ufipa mwaka 1872 akiambaa na Ziwa Tanganyika, akienda Bangweulu, na kusini ya ziwa hilo akafariki tarehe 1 Mei 1873.

Kabla yake, mwaka 1858, Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika, vifaa vyao vizuri vikiwa vimeharibika njiani. Wakapima kimo cha ziwa kwa kipimajoto kibovu kilichobaki, wakaandika futi 1,850. Kimo chenyewe kinazidi futi 2,500. Mabwana wa jiografia kule London wakabishana miaka mingi kama ziwa letu linaweza kutiririkia Nile au haliwezi, na sehemu ya ubishi huo ilijengwa juu ya kipimajoto kile.

Tusidhani kwamba wakati wa setilaiti mambo haya yamekwisha. Mwaka 1977, kabla ya mtandao wa GPS kuanza kurushwa, Wamarekani walituma angani setilaiti ya majaribio yenye saa ya atomu. Nadharia ya Einstein ilisema saa iliyo juu kiasi kile itakwenda mbele ya saa za ardhini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku. Kidogo mno, utasema. Lakini mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kosa hilo lisiposahihishwa hukua kwa zaidi ya kilomita kumi kila siku. Wapo waliokuwa na mashaka. Basi wakaweka ndani ya setilaiti kifaa cha kusahihisha, wakakiacha kimezimwa, wakaitazama saa kwa siku zipatazo 20. Ikaenda mbele karibu sawa na alivyotabiri Einstein. Ndipo walipokiwasha. Setilaiti za GPS zenyewe zilianza kurushwa mwaka 1978, na hadi Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa mita 100 mbali na aliposimama. Tangu hapo saa za wakimbiaji zikawa na maana.

Wala sioni sababu ya kutafuta mifano yote ng'ambo. Wazee wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika ilungu, tanuri refu la udongo linalozidi kimo cha mtu, na masalia ya malungu hayo bado yapo kwenye uwanda wetu. Kilichotoka ndani ya ilungu hakikupelekwa moja kwa moja kwa mhunzi kufuliwa jembe. Kilipitishwa kwanza katika tanuri dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kikasafishwa tena. Jembe lililofuliwa kwa chuma kisichosafishwa lingevunjika mikononi mwa mkulima msimu wa mvua umekwisha anza. Waswahili nao husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilimwambia kijana wa watu auache.

Siku ya tatu nilimwuliza: zile kilomita zako za mazoezi, nani mwingine amezipima? Akanitazama. Nikamweleza kwamba barabara za mashindano makubwa hazipimwi kwa setilaiti. Hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, baada ya baiskeli yenyewe kulinganishwa na utepe wa chuma, na kila kilomita huongezewa mita moja ili njia isije ikawa fupi. Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa maratoni kule Tokyo, Septemba 2025, alimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia, na barabara waliyokimbia ilipimwa kwa baiskeli.

Baiskeli tunayo. Tuliazima utepe wa fundi ujenzi, tukapima mita 300 kwenye barabara iliyonyooka, tukaona gurudumu la mbele linakwenda mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Tukafunga kijiti kwenye uma, kila mzunguko kikagonga kipande cha plastiki tulichokifunga kwenye spoku: tak. Kila mizunguko mia, kijana akahamisha punje moja ya maharage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Saa mkononi, baiskeli ikisukumwa, tukaenda hadi saa iliposema kilomita kumi. Maharage yalikuwa 43, na juu yake mizunguko 71. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Ni mita 9,616. Tulirudia kesho yake, maana nilikuwa nimewakumbuka wakubwa wa Harrison, na tofauti na siku ya kwanza haikufika mita kumi.

Kwa hiyo dakika zake nne zilikuwa dakika nne na sekunde karibu kumi. Mwili haukuwa umemsaliti mtu. Alikaa chini kando ya barabara akacheka, kisha akalia kidogo, nami nikajifanya naangalia mnyororo.

Tuliandika taarifa kwa Kiingereza, kamusi ikiwa mezani: tarehe, barabara, mizunguko ya gurudumu, na namna tulivyopima. Likaja jibu la kushukuru ambalo nadhani liliandikwa na mashine. Baada ya wiki kadhaa likatoka toleo jingine, na katika maelezo yake palikuwa na mstari mmoja uliosema kosa katika kuhesabu umbali limerekebishwa. Kama ni kwa sababu ya maharage yetu au ya mtu mwingine wa nchi nyingine, hatukuambiwa. Tulipima tena. Saa ilisoma kilomita 10.03 kwa kumi za gurudumu.

Nauli na kiingilio havikurudi, na nafasi ya kambi ilikwenda kwa wengine. Ana mbio nyingine mwezi ujao. Jumapili iliyopita nilimkuta uani amepindua baiskeli, anabonyeza tairi la mbele kuona kama upepo ni ule ule, maana tairi likilegea hata mzunguko hufupika.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Toleo jingine limefika. Kesho asubuhi maharage unashika wewe."