Mizani ya Watabiri

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Lakini hawakusema kwamba kila wingu hunyesha. Baina ya dalili na mvua yenyewe ndipo anaposimama mtabiri. Je, nasi tumpimeje? Swali hili lina historia yake.

Mwaka 1884, huko Marekani, afisa wa jeshi John Park Finley alijaribu kutabiri visulisuli, zile pepo za mzunguko zing'oazo miti na kubomoa nyumba. Katika tabiri 2,803, mara 100 alisema kisulisuli kitatokea, na mara 28 kikatokea kweli. Mara nyingine 23 kilitokea ilhali yeye alikuwa amesema hakuna. Hata hivyo, alipojumlisha na zile mara nyingi alizosema hakuna na kweli kisulisuli kisiwepo, alikuwa amepatia kwa asilimia 96.6.

Mwaka huohuo, mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alionyesha jambo la kushangaza: lau Finley angalisema "hakuna" mara zote, angalipatia kwa asilimia 98.2. Yaani bubu angalimshinda msemaji, na wala asingalionywa hata mtu mmoja. Kasoro haikuwa ya mtabiri peke yake. Mizani yenyewe ilikuwa mbovu.

Baadaye watabiri wakaona kwamba ndiyo na hapana havitoshi. Mwaka 1906, W. Ernest Cooke wa Australia Magharibi alipendekeza kila utabiri uandamane na tarakimu ya kuonyesha kiasi cha hakika aliyonayo mtabiri. Lakini mtu asemaye "asilimia 70" humkamata vipi? Ikinyesha, atasema nilisema. Isiponyesha, atasema sikuapa.

Jibu lilikuja mwaka 1950 kutoka kwa Mmarekani Glenn Brier. Kwa namna itumikayo zaidi leo, mvua huandikwa 1, ukavu 0. Aliyesema 0.7, ikinyesha, amekosea kwa 0.3, isiponyesha, kwa 0.7. Kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, kisha hutafutwa wastani, na mwenye wastani mdogo ndiye bora. Tuchukue siku kumi, saba zikanyesha. Aliyesema 0.7 kila siku hupata 0.21. Aliyejitapa kwa hakika kamili kila siku hupata 0.30. Hapo ndipo penye hekima ya kanuni hii: mtabiri hafaidiki kwa kutia chumvi wala kwa kujificha, bali kwa kusema kile hasa anachokiamini.

Hata hivyo, ukweli peke yake hautoshi. Atajaye wastani wa miaka yote kila kukicha hadanganyi, lakini hatuambii kitu. Mtabiri mzuri hutofautisha siku na siku.

Jambo hili latuhusu. Tangu mwaka 1998, wataalamu wa kanda yetu hutoa utabiri wa msimu kwa mafungu matatu: mvua zaidi ya wastani, za wastani, na pungufu, kila fungu na uwezekano wake. Masika yakikosa tukamwita mtabiri mwongo, tumempima kwa wingu moja. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani twajua kwamba utenzi hauhukumiwi kwa mshororo mmoja. Tuweke kumbukumbu ya misimu mingi, alichosema na kilichonyesha, kisha ndipo tuhukumu.