Nahodha Aliyenyang'anywa Nchi: Riwaya ya Jules Verne na Sinema Zilizotokana Nayo

0. Utangulizi

Wengi wetu tuliosoma katika shule za sekondari za nchi hii tulimjua Nahodha Nemo kwa macho kabla ya kumjua kwa maandishi. Mwandishi wa makala haya alimwona mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia, katika filamu ya Walt Disney iliyotiwa sauti za Kifaransa: mzungu mwenye ndevu, akipiga kinanda chini ya bahari, mwenye hasira ambayo chanzo chake hakikutueleweka vizuri. Baadaye tulisoma kitabu chenyewe, Vingt mille lieues sous les mers, katika chapa iliyofupishwa kwa ajili ya vijana. Hasira ilikuwamo, lakini chanzo chake bado hakikuonekana. Ilipita miaka mingi kabla hatujafungua riwaya nyingine ya mwandishi yule yule, L'Île mystérieuse, ambamo tulikuta, karibu na mwisho, kwamba Nemo si mzungu. Ni mwana wa mfalme kutoka India, aliyeongoza watu wake katika vita dhidi ya Waingereza, akashindwa.

Basi swali letu ni hili: mtu huyu alinyang'anywaje nchi yake, na nani aliyemnyang'anya? Tutajaribu kuonyesha kwamba sinema haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Kazi hiyo ilianza katika ofisi ya mchapishaji, ikaendelezwa na wafasiri, na sinema ikaikuta imekwisha kufanyika kwa sehemu kubwa. Mwishoni tutaeleza kwa nini jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili wa Kongo.

1. Kitabu na mchapishaji wake

Jules Verne alizaliwa Nantes mwaka 1828, akafariki Amiens mwaka 1905. Tangu mwaka 1863 vitabu vyake vilitolewa mjini Paris na Pierre-Jules Hetzel, mtu mwenye bidii na hesabu kali. Riwaya yetu ilitoka kwa sehemu katika gazeti la Hetzel, Magasin d'éducation et de récréation, kuanzia Machi 1869 hadi Juni 1870. Chapa yenye picha ikafuata mwaka 1871.

Kisa chake chajulikana. Mwaka 1866 mabaharia wanasimulia habari za mnyama mkubwa anayeharibu meli. Profesa Aronnax, mtumishi wake Conseil, na Ned Land, mrusha chusa wa Kanada, wanapanda manowari ya Marekani kumsaka. Wanatupwa baharini, wanajikuta juu ya mgongo wa chuma. Mnyama huyo ni chombo: Nautilus, nyambizi yenye urefu wa mita 70, iendeshwayo kwa umeme, yenye maktaba ya vitabu 12,000. Inafaa kukumbusha hapa kwamba lieues elfu ishirini za jina la kitabu si kina cha maji, kama wengi wadhanivyo. Ni mwendo wa safari. Kwa hesabu ya Verne lieue moja ni kilomita 4. Kwa hiyo safari yote ni kilomita 80,000, yaani kuizunguka dunia mara mbili.

Nyambizi yenyewe haikuwa jambo jipya. Robert Fulton, Mmarekani, alikwisha kuunda moja huko Ufaransa mwaka 1800 na kuiita Nautilus. Jeshi la majini la Ufaransa lilikuwa limeshusha majini chombo kilichoitwa Plongeur mwaka 1863. Kilichokuwa kipya ni mtu aliyewekwa ndani yake: mtaalamu aliyeikana nchi kavu kwa sababu huko haki haikupatikana.

Kwanza Verne alitaka mtu huyo awe Mpolandi. Uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi ulikuwa umeanza mwaka 1863 na kuzimwa kwa ukatili, na katika barua zake kwa mchapishaji Verne alieleza kwamba nahodha huyo alipoteza jamaa zake mikononi mwa Warusi. Meli anayoizamisha ingekuwa ya Urusi, na msomaji angeelewa. Hetzel alikataa. Vitabu vya Verne vilikuwa na wasomaji Urusi, na soko hilo halikufaa kupotezwa. Alipendekeza badala yake Nemo awe adui wa wafanya biashara ya watumwa. Verne naye hakukubali. Ndipo alipochagua njia ya tatu, kumwacha mtu wake bila nchi yoyote. Nemo kwa Kilatini maana yake ni "hakuna mtu". Jina hilo, ambalo sisi tulidhani ni pambo la mwandishi, kwa kiasi fulani ni kovu la ugomvi wa mwandishi na mchapishaji wake.

2. Dalili zilizobaki

Hata hivyo nchi ya mtu haifutiki kabisa. Katika chumba cha Nemo Aronnax anaona picha za watu waliopigania uhuru wa mataifa yao au wa wanyonge: Kosciuszko wa Polandi, Botzaris wa Ugiriki, O'Connell wa Ireland, Manin wa Italia, Washington na Lincoln wa Marekani, na John Brown akining'inia kwenye mti wa kunyongea. Katika ghuba ya Vigo, Nemo anaokota dhahabu ya merikebu za Kihispania zilizozama mwaka 1702, na dhahabu nyingine anawapelekea watu wa Krete walioasi utawala wa Waturuki. Huko Seilani anahatarisha maisha yake kumwokoa mzamia lulu maskini asiliwe na papa, kisha anampa mfuko wa lulu. Profesa anapostaajabu, Nemo anamjibu kwamba mtu yule ni mwenyeji wa nchi ya walioonewa, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa wa nchi hiyo hadi pumzi yake ya mwisho.

Msomaji akiziweka dalili hizo pamoja, ataona kwamba hasira ya Nemo si wazimu. Ni siasa iliyofichwa kwa sababu ya biashara.

3. Jina linarudi

L'Île mystérieuse ilitoka mwaka 1874 na 1875. Wamarekani watano wanaotoroka vita kwa puto wanatupwa kisiwani, na mkono usioonekana unawasaidia kila wanapokwama. Mwishoni wanaukuta mkono huo: ni Nemo, mzee, peke yake ndani ya Nautilus iliyofungiwa pangoni. Anawaambia kwamba yeye ni Mwanamfalme Dakkar, mwana wa raja wa Bundelkund. Kwamba alipelekwa Ulaya akiwa mtoto wa miaka kumi ajifunze elimu yote ya huko. Kwamba mwaka 1857 alishiriki katika uasi mkuu wa Wahindi, akapoteza wazazi, mke na watoto. Na kwamba pamoja na wafuasi wachache aliunda nyambizi kwa akili na mali yake mwenyewe. Miaka ya riwaya hizi mbili hailingani, na wachunguzi wamelisema hilo mara nyingi. Lakini maana yake yalingana. Kuiudhi Uingereza, kwa mchapishaji wa Paris, hakukuwa hatari kama kuiudhi Urusi.

Hata hapo kalamu ya Hetzel haikutulia. Katika mswada wa Verne neno la mwisho la Nemo akikata roho lilikuwa "Indépendance!" Katika kitabu kilichochapwa neno hilo limeondolewa, na mahali pake anasema "Dieu et patrie!", yaani Mungu na nchi ya baba. Msomaji Mkongo hahitaji kuelezwa uzito wa mabadiliko hayo. Neno hilo hilo la Kifaransa lilikuwa midomoni mwa wazazi wetu mwaka 1960.

Haifai hata hivyo kumfanya Verne kuwa mtetezi wetu. Mhandisi Cyrus Smith, ambaye mwandishi amempa busara yote ya kisiwani, anamwambia Nemo kwamba kosa lake lilikuwa kutaka kuyafufua yaliyopita na kupingana na maendeleo yasiyozuilika. Tena katika Cinq semaines en ballon ya mwaka 1863, ambamo puto linaanza safari Zanzibar na kuvuka bara hadi upande wa Senegal, Waafrika wanatazamwa kutoka juu, na mara nyingi kwa dharau. Verne alimpa Mhindi mmoja elimu, mali na heshima. Sisi hakutupa hata kimoja.

4. Nemo katika sinema

Filamu ya Georges Méliès ya mwaka 1907 ni ndoto ya mvuvi tu, na haituhusu hapa. Ile ya mwaka 1916, iliyotengenezwa Marekani na Stuart Paton, ni muhimu zaidi. Ndugu wawili, akina Williamson, walipiga picha zake za chini ya maji huko Bahamas, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika filamu ndefu kabla ya hapo. Filamu hiyo iliviunganisha vitabu vyote viwili, na kwa hiyo Nemo wake ni Mhindi, ingawa aliyemwigiza ni Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi. Lakini tuangalie chanzo cha hasira yake: ni mfanya biashara mmoja mwovu aliyemtamani mkewe na kumwiba binti yake. Nchi imerudi, utawala wa kigeni umeondoka. Kisa cha taifa kimefanywa kisa cha nyumba moja.

Filamu ya Disney ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Richard Fleischer, ndiyo iliyoenea kuliko zote na kupata tuzo mbili za Oscar. James Mason alimwigiza Nemo kwa ustadi mkubwa. Nemo huyo alikuwa mfungwa kwenye kisiwa cha kazi za kulazimishwa, mkewe na mwanawe wakateswa hadi kufa. Lakini ni nani waliowatesa? Filamu husema ni taifa fulani lichukialo, haitaji jina. Badala ya nchi, filamu ilimpa Nemo siri: nguvu kuu isiyotajwa wazi, ambayo mtazamaji wa miaka ile aliielewa kuwa ya atomiki. Mwezi Januari wa mwaka huo huo Marekani ilikuwa imeshusha majini nyambizi yake ya kwanza ya nguvu za atomiki, nayo ikaitwa Nautilus. Mwishoni kisiwa cha Nemo kinalipuka, na wingu linapanda lenye umbo la uyoga. Sisi wa Katanga tunayo sababu yetu ya kulitazama wingu hilo kwa makini: sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe. Filamu iliuliza kama binadamu anastahili kukabidhiwa nguvu hiyo. Haikuuliza ilichimbwa katika ardhi ya nani.

Tuyapitie mengine kwa haraka. Mwaka 1961 Nemo wa Herbert Lom hakuwa Mhindi, ingawa filamu ilitokana na L'Île mystérieuse yenyewe. Mwaka 1973 Omar Sharif, Mmisri, alimwigiza katika toleo la Juan Antonio Bardem na Henri Colpi. Mwaka 1975 televisheni ya Kisovieti ilionyesha Dakkar na uasi wa India waziwazi. Ajabu ni kwamba nchi ambayo Hetzel aliogopa kuiudhi ndiyo iliyomrudishia Nemo vita vyake, ila vya India, si vya Polandi. Mwaka 2003 Naseeruddin Shah, mwigizaji mashuhuri wa India, alimwigiza katika filamu ya Kimarekani yenye mashujaa wengi, ambamo Nemo ni mmoja tu wa wasaidizi.

Mwaka 2024 ulitoka mfululizo wa televisheni uitwao Nautilus, ambamo Shazad Latif, Mwingereza ambaye baba yake ni wa asili ya Pakistani, anamwigiza Nemo akipigana na kampuni ya Kiingereza ya biashara iliyoitawala India. Hapa hatimaye adui ametajwa. Lakini nyambizi yenyewe imekuwa kazi ya mhandisi Mfaransa, na Nemo ni mfungwa anayeiteka. Tumpime kwa mizani ile ile: amerudishiwa nchi, amenyang'anywa elimu. Verne, pamoja na makosa yake yote, alikubali vyote viwili viwe mikononi mwa mtu mmoja.

5. Hitimisho

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nemo hakuiacha asili yake. Aliachishwa, na walioshiriki ni wengi. Kati yao wafasiri wa Kiingereza hawana budi kutajwa. Lewis Page Mercier, aliyeifasiri riwaya ya kwanza miaka ya 1870, alikata yapata robo ya kitabu, na maneno ya siasa ni miongoni mwa yaliyokatwa. Tafsiri ya L'Île mystérieuse iliyotoka mwaka 1875 kwa jina la W. H. G. Kingston iliyageuza maneno ya Dakkar juu ya Waingereza hata yakawa karibu sifa kwao. Matoleo hayo yalisomwa na vizazi vya wasomaji wa Kiingereza, wakiwamo wale waliokua wakatengeneza sinema.

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Mfasiri wa Kiswahili atakayeanzia kwenye Kiingereza, bila kujua anashika toleo gani, aweza kutuletea Nemo aliyekatwa ulimi. Mwanafunzi wa Kongo, ambaye Kifaransa ni lugha ya masomo yake na Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwake, anaweza kwenda moja kwa moja kwa Verne. Twapendekeza kwa wanafunzi wetu watafutao mada ya kazi ya mwisho wa masomo: chukueni sura ya mzamia lulu na sura za kifo cha Dakkar, mzifasiri kutoka Kifaransa kamili, mkieleza katika maelezo ya chini kilichokuwa katika mswada na kilichochapwa. Mtapambana na maneno magumu ya bahari, na watu wa pwani watawasaidia. Lakini kwa lile neno moja ambalo mchapishaji alilifuta kinywani mwa mtu anayekufa hamtahitaji kamusi. Kwa Kiswahili ni uhuru.