Unataka Isikike Mpaka Wapi?

Nilipoacha kampo mwaka wa pili na kurudi Isiolo, nilikuwa na mradi mmoja tu kichwani: Land Rover ya babu. Series III, dizeli, imelala uani chini ya mwarobaini tangu nikiwa darasa la nne. Ekzosi ilikuwa imekatika katikati. Plani yangu ilikuwa simpo. Natoa silensa kabisa, naweka bomba moja nene, mtaa mzima unajua nimerudi.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Unataka isikike mpaka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wakati wa Mwingereza, Isiolo ilikuwa geti. Kaskazini yote iliitwa Northern Frontier District, wilaya iliyofungwa, na hukuvuka kuingia wala kutoka bila kibali. Mpaka leo utasikia mzee wa huku akisema anaenda "Kenya" akimaanisha Nairobi. Uhuru ulipokuja, wengi kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, na vita vya shifta vikafika mpaka kwetu. Wafugaji wakakusanywa kwenye kambi, Garba Tulla ikiwa mojawapo. Mifugo ikachukuliwa, ikapigwa risasi, au ikafa kwa kukosa malisho. Waborana huita kipindi hicho Gaaf Daba, wakati wa kuzuiliwa. Mapatano yalifanyika Arusha, Oktoba 1967. Mwaka wa 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka North Eastern, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.

Babu alikuwa mtoto kwenye kambi ya Garba Tulla. Hapo hakuna familia iliyokuwa na gari. Injini ikisikika usiku, ni serikali. Anasema mama yake alikuwa akiisikia kutoka mbali, anamwagia moto mchanga, halafu wanakaa gizani bila kukohoa.

Miaka ishirini baadaye, mifugo ikiwa imerudi kidogo, aliuza ngamia na kununua gari la aina ileile. Alibeba sukari, wagonjwa, na akina mama waliokuwa karibu kujifungua. Lami iliishia Isiolo, na ilibaki hivyo mpaka ujenzi wa kwenda Merille ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 2000. Ukitoka mjini ilikuwa kokoto na vijimatuta vinavyotikisa gari mpaka meno yaume. Ekzosi zilikatika kwenye maungio, ndiyo maana mafundi wa kuchomelea hawakukosa kazi hapa. Babu alikuwa akirudi safari na kupitia kwao kwanza, kabla hata ya kufika nyumbani. Sikuwahi kujua kwa nini.

Basi tukaijenga ya kimya, mimi na fundi mmoja jirani. Nilileta bomba la maji lililobaki kwenye ujenzi. Akalirusha kando. "Hiyo imepakwa zinki. Ukiichoma, moshi wake utakulaza na homa usiku kucha." Tukatafuta bomba la chuma tupu kwenye skrapu. Ili kulikunja bila kubonyea, tulilijaza mchanga mkavu wa mtoni, tukaushindilia, tukaziba ncha zote mbili, tukapasha moto pale pa kukunja na kuvuta polepole. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, tulitoa waya za betri.

Silensa tuliitengeneza kwa ganda la silensa ya lori. Ndani tukapitisha bomba lenye matundu mengi. Moshi unapita katikati, sauti inatoka kwenye matundu, inagonga kuta na kurudi ikijipunguza yenyewe. Hilo wazo ni la zamani: ndugu wawili Wamarekani, akina Reeves, walipata hataza yake 1897. Tuliining'iniza kwa vipande vya tairi, maana ukifunga kwa chuma kitupu, barabara itakata tena. Mdomo tukautoa mpaka nyuma kabisa, kwa sababu moshi ukiingia chini ya viti unaweza kuua.

Maboyz wa mtaa waliniambia nimeharibu gari. Siwezi kudanganya, hata mimi bado napenda ngurumo. Lakini sasa najua kwamba si kila mtu mtaani anasikia kitu kimoja.

Usiku wa kwanza babu aliketi nje kando ya jiko, chai ikichemka. Akaniambia niende mpaka barabara kubwa na kurudi. Nilipoingia uani nikazima injini, nikamuuliza kama amenisikia nikija.

"Nilikuona taa," akasema, na kuongeza makaa.